Simu, Mabibo na Meno ya Zuhura

Shikamoo zenu nimezipokea, hata zile mlizonitumia kwenye simu, ingawa shikamoo iliyoandikwa kwa herufi mbili haina adabu hata mkiipamba kwa picha ya maua. Marahaba. Sasa kaeni, maana mmenichokoza wenyewe.

Juzi mmoja wenu, ninyi vijana mnaojifunza kazi ya meno hapa Lindi, alinirushia sauti ya mtu asiyejitaja jina. Mtu huyo anasema, tena kwa sauti nzito ya kutisha, kwamba aliyevaa waya za meno asiweke simu sikioni, kwa sababu mionzi inayeyusha chuma, chuma kinaingia kwenye damu, na damu inakipeleka sijui wapi. Chini yake mkaniandikia: "Bibi, ni kweli?" Mimi nimestaafu. Nakaa zangu Mitwero na kuku wangu, magoti yananiuma, na watu waliosomeshwa kwa kodi yangu wananiuliza kama simu inayeyusha chuma. Ingekuwa inayeyusha, si ingeanza na funguo mnazoilaza nazo mfukoni?

Haya, nisicheke mpaka nikasahau. Waya za meno zinatoa madini mdomoni, hilo si uongo. Chuma chochote ukikilaza kwenye mate kinatoa chembe kidogo kidogo, na katika chembe hizo mna nikeli, ambayo wengine ngozi yao haiipendi kabisa. Kama simu inaongeza kitu hapo, wataalamu wanapima na wanabishana. Waacheni wabishane, ndiyo kazi yao. Ugomvi wangu mimi ni na wasiopima chochote, wenye midomo mipana na maduka madogo. Hao nawajua. Walinipokonya mgonjwa mmoja mikononi, na mpaka leo nikimkumbuka moyo unanichemka.

Jina langu Somoe. Hospitalini niliitwa Bi Somoe wa Meno, na watu wa Kitomanga waliniita Mama Koleo. Sikuchukia. Nilikuwa nafika kwao na koleo, sikuwa nafika na halua.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Damiani, Mmakonde wa kule juu Newala, mtu wa kanisani kila Jumapili, ambaye Ramadhani nzima hakuwahi kuonekana anakunywa hata maji mbele ya wagonjwa. Meno yake mwenyewe yalikuwa mabovu. Ukimtania anakujibu, "Kinyozi hajinyoi, binti. Shika kioo." Alikuwa na sheria moja aliyonipigia nayo kelele mpaka ikaniingia kwenye mifupa. Kabla hujamfungua mtu mdomo, muulize ni nini kimepita humo tangu jana. Usimuulize amekula nini, maana atakutajia wali na samaki tu ili umuone anakula vizuri. Muulize kila kilichopita, hata msumari alioubana kwa meno wakati anapigilia bati.

Ninyi siku hizi mnapiga picha jino kabla hamjamsalimia mwenye jino.

Niwaambie la Kilwa Masoko. Tulikwenda huko na ile mashine ya kutobolea ya kukanyaga kwa mguu, kama cherehani. Daktari anakanyaga, mgonjwa anatetemeka, na jasho la wote wawili linamdondokea mgonjwa. Akaja mwanamume wa makamo, mnene, kashika shavu, anasema jino lake lina umeme. Si maumivu, ni umeme, unampiga mpaka machozi yanamtoka. Kwao wameshamsomea, wameshamfukizia ubani, na shemeji yake ameshasema ni jini la kizungu kwa kuwa linapiga kama soketi. Mzee Damiani akamuuliza kilichopita mdomoni tangu jana. Yule bwana akataja wali, akataja samaki. Mzee akangoja. Akangoja tena, anasafisha miwani. Mwisho jamaa akasema kwa aibu kwamba ana peremende zake, hizi mpya zinazotoka ng'ambo, zenye karatasi ya kung'aa, na kwa uroho huwa anaichana karatasi kwa meno. Basi. Upande huo alikuwa na jino lililozibwa kwa madini. Karatasi ya chuma ikigusa madini mengine kwenye mate, umeme mdogo unapita, kama ndani ya betri. Tulimtoa kipande cha karatasi katikati ya meno, na jini likahama. Shemeji mtu alinuna, kwa sababu ubani aliununua yeye.

Peremende zile zilikuja na soko huria. Ninyi mmezaliwa maduka yamejaa, hamjui. Sisi tulifika mahali dawa ya meno inasubiriwa kama barua ya kazi, na watu wanasugua kwa mkaa na chumvi. Milango ilipofunguliwa, vitu vikaingia kweli, na sikatai kwamba nilifurahi. Nilipata glavu, nikapata ganzi isiyoisha katikati ya kazi. Lakini pamoja na vitu waliingia wajuzi. Kila mwenye kaunta akawa mtaalamu. Muuza dawa za panya anakuandikia dawa ya tumbo. Muuza miwani ya jua anakupima macho kwa kukuonyesha vidole. Ukimuuliza amesomea wapi, anakujibu, "Biashara huria, mama."

Mkubwa wao hapa mjini alikuwa Fundi Rashidi. Huyu alikuwa fundi redio, na kwa redio sina neno naye, redio yangu aliitengeneza ikaimba. Redio zilipokuwa rahisi kiasi kwamba ikiharibika unanunua nyingine, akahamia simu. Mnara wa kwanza ulipoinuliwa, yeye ndiye aliyekuwa akitembea na simu mbili kiunoni, moja ikiwa mbovu. Aliwauzia watu simu. Walipokwisha nunua, akawauzia hofu ya simu. Walipokwisha ogopa, akawauzia kinga, kibandiko cha dhahabu cha ukubwa wa kucha ya kidole gumba, unakibandika nyuma ya simu na mionzi inakukimbia. Hata mfamasia wetu alibandika. Nilimuuliza kinazuiaje mionzi halafu sauti inapita, akaniambia nisipinge maendeleo.

Sasa Zuhura.

Zuhura alikuwa binti wa Alhaji Bakari, mnunuzi wa korosho aliyekuwa na ghala mjini. Nilimjua tangu akiwa shule ya msingi, nilipomng'oa gego la kushoto lililokuwa limeoza mpaka mzizi. Meno yake ya mbele yalipandana, moja limemkalia mwenzake begani, na watoto wenzake walimwimbia. Kwa hiyo alijifunza kuziba mdomo kwa mkono. Akicheka, mkono. Akijibu swali la mwalimu, mkono. Hata akisalimia, anakupa mkono wa kulia na wa kushoto uko mdomoni. Mama yake alikuwa amefariki, na Alhaji, namsifu kwa hili, alipopata pesa za korosho hakuanza na gari. Alimpeleka binti Dar es Salaam akavishwa waya za meno. Lindi nzima hakuna aliyekuwa nazo. Watoto walimfuata njiani kumtazama, na Zuhura, kwa mara ya kwanza, akawaonyesha.

Nilimuona sokoni siku moja anabishana bei ya nazi, mikono yote miwili ipo kwenye nazi. Nilisimama pale nikamtazama kwa furaha kama mtoto wangu mwenyewe.

Msimu wa korosho ulipoanza, Alhaji akanunua simu kwa Rashidi. Kioo chake kilimshinda kusoma, kwa hiyo aliyeishika ni Zuhura. Alikuwa akikaa kutwa kwenye dirisha la ghala, mahali pekee ilipokamata mtandao, simu sikio la kulia, anapokea bei na kumpigia baba yake kelele huko chini. Wiki hazikuwa nyingi wakaja hospitalini. Binti kashika shavu la kulia, na Alhaji kashika simu kwa mbali, kaifunga kwenye leso kama aliyeokota panya.

"Dada Somoe, ni hii," akaniambia.

"Ni nini hiyo?"

"Simu. Inamla mtoto. Rashidi kanieleza yote. Mionzi inavuta chuma, chuma kinayeyuka, kinakuwa sumu. Tazama upande wa simu ndio wenye vidonda. Wa pili mzima."

Nikamkalisha Zuhura. Ni kweli, fizi za kulia zilikuwa nyekundu, shavu kwa ndani limechubuka, na vile vibati vidogo vinavyogandishwa kwenye meno ili vishike waya vilikuwa vimepiga weusi. Ulimi, alisema, una ladha ya sarafu. Nikamtazama masikio. Matundu ya hereni yalikuwa na vipele.

"Hereni za wapi hizi?"

"Za machinga, bibi. Zikikaa zinaniwasha."

Hapo nikajua ngozi yake na nikeli hawapatani. Lakini waya alizivaa miezi na miezi bila shida, kwa nini sasa? Nikauliza swali la Mzee Damiani. Akataja wali, samaki na chai. Akamwangalia baba yake, kisha akatazama sakafu. Nami nikatazama alipotazama, nikaona pindo la kanga yake.

Mtu wa Dar asingeliona. Lilikuwa doa la bibo, tunda lile la mkorosho. Sisi wanawake wa Lindi tunalijua doa hilo kuliko tunavyowajua mashemeji zetu, kwa sababu doa la bibo halitoki, ufue, uanike, uapize. Kanga inakufa nalo.

Nikamwambia Alhaji atoke nje akaone kama simu inakamata, kwani wateja watakuwa wanamtafuta. Akatoka mbio. Nikamgeukia binti.

"Mangapi kwa siku?"

Akaanza kulia. "Bibi, usimwambie baba."

Wanawake waliochambua korosho pale ghalani walitoka mashambani, na mmoja wao, Bi Esha wa Milola, alikuwa analeta mabibo kwenye kapu. Ghalani joto, kusubiri simu kunachosha, na bibo lina maji. Zuhura alifyonza moja, akafyonza la pili, mwisho ikawa kutwa kucha. Alifyonza kwa upande wa kulia, maana wa kushoto gego nilimng'oa mimi, na mtu hutafuna penye meno. Baba yake alikuwa amepiga marufuku. Maji ya bibo yakilala yanakuwa uraka, na Alhaji hakutaka harufu ya pombe ya mabibo iingie kwake hata kwa bahati mbaya. Alishamfukuza mpagazi kwa harufu hiyo. Ingekuwaje binti wa nyumba anuke bibo?

Ninyi mmesoma kemia, sisi tulikuwa na kisu. Kila jikoni Lindi kuna kisu kimoja kilichotiwa weusi na mabibo, na kila mama anajua usikiache kwenye maji yake mpaka asubuhi. Bibo ni kali, linawasha koo, linakula chuma. Na chuma chenyewe alichovishwa Zuhura hakikuwa cha maana. Huko Dar napo soko lilikuwa huria.

Ila mlione hilo kosa, maana ni kosa la kwetu, haliwezi kutokea Arusha. Msimu wa korosho ndio unaoleta pesa, na pesa ndiyo inayoleta simu. Msimu huohuo ndio unaoleta mabibo. Vyote viwili viliingia nyumba ile siku zilezile kwa mlango mmoja, ila kimoja kililia na kung'aa na kingine kilifichwa ndani ya kanga. Watu wakakikamata kilicholia.

Siku ya pili nilikwenda nyumbani kwao. Alhaji alikuwa ameshaamua kwamba waya zitolewe, na zitolewe upesi. Nikamwambia waya hazing'olewi kama misumari. Zimegandishwa, zikivutwa vibaya zinatoka na gamba la jino. Ampeleke mtoto Dar kwa mtu mwenye vyeti, wambadilishie chuma, na kwa sasa binti asukutue kwa maji ya chumvi na aache kitu kikali anachokula.

"Kikali gani? Mimi ndiye ninayeleta chakula hapa."

Nilikuwa nimemwahidi binti kwamba sitamsema. Aliyesema ni Zuhura mwenyewe. Alisimama mlangoni, mkono uko mdomoni, akaushusha.

"Baba, nafyonza mabibo. Kutwa. Simu haijanifanya kitu."

Alhaji alimtazama kama aliyesikia matusi. Kisha akanigeukia mimi, maana kumkasirikia mgeni ni rahisi.

"Lindi nzima inafyonza mabibo, Dada Somoe. Nani mwenye vidonda?"

"Lindi nzima haina vyuma mdomoni, Alhaji."

Vibati viwili vilishabanduka, na Zuhura alivifunga kwenye ncha ya kanga. Tukaenda ghalani, nikaomba glasi mbili. Moja nikaijaza maji ya bibo, Bi Esha alilileta mwenyewe akicheka, nikatumbukiza kibati kimoja. Ya pili nikaijaza maji ya mtungi, nikatumbukiza cha pili, nikaiweka kwenye dirisha la ghala, ubavuni mwa simu. Nikamwambia Alhaji aiache simu ilie hapo kutwa, ipige kelele inavyotaka. Wapagazi wakawa wanapita kuchungulia kama wanaotazama maiti.

Baada ya siku tatu tukakutana. Kibati cha kwenye maji kilikuwa kama nilivyokiacha. Cha kwenye bibo kilivaa ngozi nyeusi, na maji yake yamekuwa meusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Alhaji akachukua kila glasi akaitazama kwenye mwanga. Akavuta pumzi.

"Nimeona," akasema.

Nami, kwa ujinga wa watu wanaodhani kuona kunatosha, nikaondoka nimeridhika. Wiki iliyofuata nikasafiri kwenda Kilwa kwa kazi ya shule, kukagua meno ya watoto.

Kumbe alichokiona Alhaji si nilichokiona mimi. Mchana ule pale barazani kwake wenzake walimuuliza hali ya binti, naye akawajibu ni mionzi. Nilisimuliwa na aliyekuwepo. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Mionzi! Ugonjwa wa watu wenye simu, watu wenye uwezo, ugonjwa unaohitaji mnara. Angewaambia nini? Kwamba binti wa Alhaji anafyonza mabibo na wachambuaji wa Milola? Maradhi ya mabibo ni ya kina sisi. Hata ugonjwa watu huchagua wa kwenda nao barazani.

Rashidi alipoulizwa kuhusu zile glasi alicheka. Alisema glasi haina damu, na mionzi inafuata damu. Alisema pia dirisha la ghala linatazama baharini, si kwenye mnara. Maneno ya kipumbavu yakisemwa na mtu mwenye simu mbili kiunoni yanasikika vizuri. Na kwa kuwa ugonjwa ni wa mawimbi, na yeye ndiye fundi wa mawimbi tangu enzi za redio, Alhaji aliona huyo ndiye wa kuzitoa zile waya. Wala Alhaji hakuwa mtu mbaya. Alimpenda binti yake. Akampeleka kwenye duka la simu, mchana kweupe, akamkalisha kwenye stuli ya wateja.

Niliporudi kutoka Kilwa nilimkuta Zuhura kwenye benchi langu. Kanga imemfunika nusu ya uso.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Toa kanga."

"Naogopa."

Nikaitoa mwenyewe. Waya hazikuwepo. Meno mawili ya mbele, yale ya katikati juu, yaliyokuwa yameanza kukaa sawa kama waumini kwenye safu, moja limevunjika kwa mshazari mpaka kwenye nyama yake ya ndani, na la pili limebanduka gamba lote la mbele. Mengine yalikwaruzwa. Alisema alimwomba Rashidi aache alipoanza kusikia mlio, na Rashidi akamwambia avumilie, zimebaki chache.

Lile lililovunjika nililing'oa, sikuwa na namna. La pili nililisawazisha, nikalifunika kwa nilichokuwa nacho. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikiwa nimempa mgongo, nasingizia natafuta pamba.

Kisha nikavua koti nikaenda dukani kwa Rashidi. Alikuwa anambandikia mteja kinga. Nikamuuliza alitumia nini. Akainama chini ya kaunta akanitolea plaizi, bado ina karatasi ya duka kwenye mpini.

"Mpya kabisa hii, Bi Somoe," akasema. "Haina hata kutu. Mimi sifanyi kazi chafu."

Nimetukana watu wengi maishani mwangu, wengine wakiwa na ganzi. Siku ile sikupata tusi la kumtosha.

Na sasa sikilizeni sehemu inayonikera kuliko zote, ninyi mnaopenda kusema "ilifanya kazi". Wiki chache baadaye vidonda vya Zuhura vilipona. Shavu likawa laini, fizi zikarudi rangi yake. Bila shaka vilipona! Chuma hakikuwepo tena, na mabibo yalikuwa yamekwisha mashambani, msimu umefungwa. Lakini mji mzima ulisema Rashidi ndiye aliyejua. Vibandiko vyake vikauzika mpaka akaishiwa. Alhaji alinikuta njiani akaniambia kwa upole, "Unaona, Dada Somoe? Tangu tuzitoe, mtoto mzima." Nikamjibu, "Tangu mabibo yaishe, Alhaji. Na mtoto si mzima, ana pengo." Akatoa simu yake akaitazama kioo, kioo asichoweza kukisoma, mpaka nilipoondoka.

Rashidi baadaye aliacha simu akauza dawa za nguvu za kiume. Sikumfuatilia.

Kwa hiyo msinitumie tena sauti za watu wasio na majina. Mgonjwa mwenye waya akija na vidonda, tazameni chuma chake, tazameni masikio yake kama hereni zinamwasha, tazameni anatafunia upande gani na kwa nini. Muulizeni nini kimepita. Akitaja wali na samaki, mngojeni, na mkiweza mtoeni baba yake nje. Mkishajua yote hayo na bado kuna kitu kimebaki hakieleweki, hapo kaulizeni kuhusu simu, na muulizeni anayepima. Asiyepima ana plaizi mpya, na hao wamekuwa wengi tangu nistaafu.

Zuhura yupo. Ni mama wa watoto sasa, ana biashara yake ya korosho za pakiti, na huja kuniona Mitwero na kuniletea za kukaanga, ananichagulia laini kwa sababu meno yangu nayo yameamua kustaafu. Jana alikuwa hapa. Simu ikalia, akaiweka sikio la kulia kama zamani, akatoka kibarazani. Alikuwa anaongea na mteja wa mbali, mtu ambaye hajawahi kumuona na pengine hatamuona maisha yake yote. Mteja akamchekesha. Na Zuhura, peke yake pale kibarazani, mbele ya kuku wangu, akainua mkono wa kushoto akaziba mdomo.